Kamera ni Amana: Somo kwa Mwanafunzi Anayeanza Kazi ya Kupiga Picha, Dzaleka na Lilongwe

Sifa zote njema ni za Allah, Muumba wa macho na nuru. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake.



Kila muhula unapoanza, swali la ada hurudi, na pamoja nalo hurudi swali jingine tunaloulizana baada ya swala: je, kamera inaweza kunilipia masomo? Jibu fupi ni ndiyo, lakini kwa masharti. Upigaji picha ni ufundi wenye elimu yake, ni biashara yenye hesabu zake, na kwa Muislamu ni amana yenye hukumu zake. Anayeshika moja tu kati ya hayo matatu hafiki mbali. Somo hili linayapitia yote matatu, kwa macho ya mwanafunzi anayeishi kati ya Dzaleka na Lilongwe.

1. Ijue ardhi unayofanyia kazi

Dzaleka iko wilaya ya Dowa, mwendo wa kilomita 45 hivi kutoka Lilongwe. Kabla ya kuwa makazi ya wakimbizi mwaka 1994, palikuwa gereza, na jina lenyewe katika Chichewa hubeba maana ya "nitaacha, sitarudia tena". Palipangwa kwa watu wapatao 10,000. Leo wanaishi zaidi ya 50,000: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengineo. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wengi wao sokoni, msikitini na darasani.

Kwa mpiga picha, idadi hiyo ina maana ya harusi, akika, mahafali, Idi, picha za vitambulisho na picha za biashara ndogondogo. Soko lipo. Lakini upo pia ukuta wa kisheria, nao lazima uufahamu. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1987, ikaweka pingamizi katika baadhi ya vifungu, vikiwemo vya ajira na uhuru wa kutembea. Mwaka 2023 serikali iliwarudisha Dzaleka wakimbizi wengi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini. Kwa hiyo ndugu mkimbizi hatakiwi kupokea kazi ya harusi Lilongwe kisha ndipo akumbuke kibali. Kibali kwanza, ahadi baadaye. Muislamu hatoi ahadi asiyokuwa na njia ya kuitimiza.

Hata hivyo si kila sehemu ya kazi hii inahitaji kuvuka geti. Kuchagua picha, kusahihisha mwanga na rangi, kupanga albamu na kusanifu kadi za mwaliko ni kazi inayosafiri kwa intaneti. Tangu 2010 wanafunzi wa Dzaleka wamekuwa wakisoma masomo ya chuo kwa njia ya mtandao. Kazi ya kuhariri picha inaweza kupita njia hiyohiyo. Mwanafunzi wa Lilongwe akipiga na mwenzake wa Dzaleka akahariri, wote wawili wanakula halali, wala hakuna aliyevunja sheria ya nchi.

2. Hukumu: tusiirukie, tusiiogope

Hadithi sahihi zilizomo katika Bukhari na Muslim zina onyo kali kwa wanaotengeneza sura za viumbe wenye roho. Kamera ilipokuja, wanazuoni walijiuliza kama onyo hilo linaigusa. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri mwanzoni mwa karne ya 20, aliona kuwa kamera haiumbi chochote: inazuia tu kivuli kilichoumbwa na Allah, kama kioo kinavyokionyesha. Sheikh Yusuf al-Qaradawi naye alielekea upande wa ruhusa. Sheikh Abdul-Aziz bin Baz wa Saudi Arabia alishikilia katazo, isipokuwa kwa dharura na haja kama vitambulisho.

Ndugu msomaji, hatukuandika somo hili ili tuwaamue wakubwa wetu. Muulize sheikh unayemwamini, ushike kauli yake kwa moyo uliotulia, wala usimcheke aliyeshika kauli nyingine. Muhimu ni kujua yale ambayo hawakuhitilafiana: kupiga picha ya uchi au ya uchafu ni haramu, kupamba uongo kwa picha ni haramu, kuchungulia faragha za watu ni haramu, na kutundika picha ili itukuzwe ni mlango wa shirki. Ukiwa na mipaka hii minne, tayari unajua kazi zipi utazikataa hata kama zina malipo mazuri.

Tukumbuke pia kwamba elimu ya kamera si ngeni kwetu. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Cairo, aliandika Kitab al-Manazir mwanzoni mwa karne ya 11. Humo alithibitisha kwamba jicho halitoi nuru, bali hupokea nuru itokayo kwenye vitu, na akachunguza mwanga unavyopita kwenye tundu dogo kuingia chumba chenye giza. Kamera yako ni kile chumba chenye giza kilichofanywa kidogo hadi kikatosha mkononi.

3. Ufundi: jifunze nuru kabla ya kununua

Wengi huanza kwa kuuliza kamera gani inafaa. Anza kwa kuuliza nuru inatoka wapi. Simu uliyonayo inatosha kwa miezi mitatu ya mwanzo ya mafunzo. Fanya mazoezi haya manne.

Kwanza, kivuli chenye nuru. Jua la saa sita mchana huchimba mashimo meusi chini ya nyusi na pua. Msogeze mtu kwenye kivuli cha ukuta au barazani, uso wake ukielekea upande ulio wazi wenye mwanga. Mlango wa nyumba ya matofali ya udongo ni studio ya bure: mtu asimame ndani hatua moja kutoka kizingitini akitazama nje, nawe upige ukiwa nje bila kumzibia mwanga.

Pili, kanzu nyeupe na ngozi nyeusi. Kipimo cha mwanga cha kamera hudhani kila kitu kina rangi ya wastani. Kikiona safu ya kanzu na kofia nyeupe, hupunguza mwanga, na nyuso zikazama gizani. Ongeza mwanga kidogo kwa kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, kisha utazame kama nyuzi za kanzu bado zinaonekana. Kanzu ikigeuka karatasi tupu, umezidisha. Kamera yako ikiwa na mfumo wa RAW, utumie, kwa sababu unahifadhi maelezo mengi zaidi ya kusahihisha baadaye.

Tatu, udongo mwekundu. Ardhi ya Dowa hurudisha rangi yake juu ya nyuso na nguo, na bibi harusi akaonekana kama amepakwa kutu. Piga picha moja ya karatasi nyeupe mahali hapohapo kabla ya kuanza, upate kipimo cha kusahihishia rangi.

Nne, kasi. Mtu anayetembea anahitaji angalau sehemu 1 ya 250 ya sekunde, na mtoto anayekimbia anahitaji zaidi. Ndani ya ukumbi wenye taa hafifu, fungua tundu la lenzi na upandishe ISO kabla ya kuishusha kasi. Picha yenye chembechembe inasameheka, iliyotikisika hairekebishiki.

Msikitini kuna adabu za ziada: zima mwako na sauti ya kamera, usipite mbele ya anayeswali, na omba ruhusa ya imamu kabla ya siku yenyewe. Katika nikaha, jua mpangilio. Nafasi ya ijabu na kabuli hupita kwa sekunde chache, na walii, bwana harusi na mashahidi wote wanatakiwa waonekane. Ukiipoteza, huwezi kuwaambia warudie akdi kwa ajili yako.

4. Mtaji bila riba

Ukiwa umejua nuru, ndipo utafute kamera. Kamera iliyotumika yenye lenzi moja ya milimita 50 na tundu la f/1.8 inatosha kuanza harusi ndogo, kwa sababu lenzi hiyo ni ya bei nafuu na inaona vizuri gizani. Ongeza betri ya pili na memori kadi mbili. Umeme hukatika, na vumbi la kiangazi huingia kila mahali: usibadilishe lenzi nje penye upepo, na funika mfuko wako kila wakati.

Fedha itoke wapi? Hapa ndipo wengi huteleza. Vikundi vya kuweka na kukopa vinavyoitwa banki mkhonde vimeenea Malawi, na kwa kawaida mkopaji hurudisha na ziada. Ziada iliyosharutishwa juu ya mkopo ni riba, hata kama mwisho wa mwaka mnagawana wenyewe kwa wenyewe. Badala yake ipo likelemba, wanayoijua vizuri ndugu zetu Wakongo: watu kumi wanatoa kiasi sawa kila mwezi, na kila mwezi mmoja anachukua chote. Hakuna ziada, hakuna riba. Mkiwa kumi na kila mmoja akatoa kwacha 90,000, zamu yako ikifika una kwacha 900,000. Andikeni majina, tarehe na mpangilio wa zamu, kwa sababu anayechukua mapema amebeba deni la wenzake.

Njia nyingine ni kukodi kamera kwa siku za kazi tu. Ujira wa kukodi uwe unajulikana kabla, na mkubaliane nani atalipa ikivunjika bila uzembe.

Na wale wanaotaka kushirikiana, mmoja kupiga na mwingine kuhariri, wasiseme tu "tutagawana". Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tunaifuata, ushirika wa nguvu za mikono pekee bila mali hausihi, ingawa madhehebu mengine yameupitisha. Njia nyepesi ni ijara: mpigaji anamwajiri mhariri kwa ujira maalumu kwa kila picha, na analipa kazi ikikamilika, harusi ilipe vizuri au isilipe. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka.

5. Bei na maandishi

Mwanafunzi mwenye huruma hutaja bei ndogo, kisha baada ya mwaka kamera imechoka na hana akiba ya kununua nyingine. Fanya hesabu. Tuchukue namba za kufundishia, nawe uweke za kwako.

Kamera ya kwacha 900,000 utakayoitumia miezi 36 inakugharimu 25,000 kwa mwezi. Ukipata kazi tano kwa mwezi, kila kazi inabeba 5,000. Ongeza nauli 10,000, vifurushi vya intaneti 5,000, na mfuko wa matengenezo 5,000. Hapo umefika 25,000 kabla hujajilipa hata tambala moja. Sasa hesabu saa zako: mbili za safari, tano za kupiga, sita za kuchagua na kuhariri, jumla 13. Ukijilipa 4,000 kwa saa, ni 52,000. Bei yako ni kwacha 77,000. Aliyekuahidi 40,000 amekuomba umchangie 37,000. Ukitaka kumchangia ndugu au yatima, mchangie, na iwe sadaka kwa nia, huku ukijua kiasi chake.

Kisha andika. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an, inazungumzia kuandika deni na kuweka mashahidi. Karatasi moja inatosha: tarehe na mahali, saa za kuanza na kumaliza, idadi ya picha, siku ya kuzikabidhi, bei, namna ya kulipa, na nani anaruhusiwa kuziona. Ukilipwa kwa Airtel Money au Mpamba, hifadhi ujumbe wa malipo pamoja na karatasi hiyo.

Kuhusu malipo ya awali, kuyachukua kama sehemu ya ujira hakuna tatizo. Tatizo ni pale mteja anapoghairi nawe ukakaa na fedha zote. Sura hiyo huitwa arbun: Imam Ahmad ameiruhusu, na wanazuoni wengi wa madhehebu mengine wameikataa. Salama yako ni kuandika kwamba akighairi utakata gharama ulizokwisha kuingia tu, na kinachobaki atarudishiwa.

6. Heshima ya anayepigwa

Hapa ndipo moyo wa somo ulipo. Mwaka 1984, katika kambi ya wakimbizi ya Nasir Bagh karibu na Peshawar, Pakistan, mpiga picha Steve McCurry alimpiga picha msichana wa Kiafghani mwenye macho ya kijani. Picha ikatoka kwenye jalada la National Geographic mwezi Juni 1985, ikazunguka dunia nzima. Jina la msichana halikuandikwa, kwa sababu halikujulikana. Alipotafutwa na kupatikana mwaka 2002, Sharbat Gula alikuwa mama wa watoto, na hakuwa amewahi kuiona picha ile. Alikumbuka kwamba siku ile alikuwa na hasira, kwa kuwa aliyempiga alikuwa mtu asiyemjua.

Dada yetu Muislamu, mkimbizi, uso wake ulijulikana na mamilioni kwa miaka 17 bila yeye kujua. Jiulize: je, anayepita Dzaleka na kamera shingoni anafanya tofauti? Na wewe unayeishi humo, je?

Tusikimbilie upande wa pili tukasema picha za shida zisipigwe kabisa. Mohamed Amin, Mkenya Muislamu, alirekodi njaa ya Korem, Ethiopia, pamoja na Michael Buerk wa BBC mwezi Oktoba 1984, mwaka uleule wa picha ya Sharbat Gula. Dunia ilipoona, misaada ilimiminika na maisha ya watu wengi yakaokolewa. Kumbe picha ya mateso inaweza kuwa ushahidi wa haki, na inaweza kuwa unyang'anyi. Tofauti huonekana ukimuuliza mpiga picha mambo matatu: picha hii inamfaa nani, mwenyewe ameridhia, na nini kitampata ikionekana?

Swali la tatu lina uzito wa pekee Dzaleka. Wapo waliokimbia watu wanaowatafuta hadi leo. Uso mmoja nyuma ya bwana harusi, na bango la mtaa kando yake, vikiwekwa mtandaoni vinaweza kumwonyesha adui mahali alipo mtu. Kwa hiyo:

– Omba ruhusa kwa lugha anayoielewa, na eleza picha itakwenda wapi. Ruhusa ya kupigwa si ruhusa ya kutangazwa.
– Kwa mtoto, omba kwa mzazi au mlezi, na bado umsikilize mtoto mwenyewe akikataa.
– Usitaje nyumba, mtaa wala safari iliyomleta mtu kambini bila idhini yake.
– Mpe nakala. Aliyekupa uso wake ana haki ya kuuona.
– Akirudi kesho kusema "ifute", ifute mbele yake.

Suratul Hujurat imetukataza kupelelezana na kudharauliana. Aliyeishika sura hiyo moja ana kanuni za kazi zinazomtosha.

Hapa niseme neno kwa dada zetu. Katika harusi zetu nyingi upande wa wanawake haupigwi picha vizuri, kwa kuwa mpiga picha ni mwanamume na haingii, au anaingia na kuharibu stara ya watu. Dada mwenye ujuzi ana soko ambalo hakuna kaka anayeweza kumshindania. Lakini uaminifu wake ndio mtaji: ahariri mwenyewe au kwa dada mwenzake, asihifadhi picha kwenye simu inayoshikwa na kila mtu nyumbani, amkabidhi bibi harusi mkononi, na afute zilizobaki kama walivyoandikiana.

Na kwa wote: wateja watakuomba uwang'arishe ngozi hadi wafanane na mtu mwingine. Kuondoa kivuli kibaya ni ufundi. Kumbadilisha mtu rangi aliyopewa na Mola wake ni jambo la kumshauri kwa upole asilitake, na picha nzuri ya ngozi nyeusi iliyopata nuru sahihi ndiyo hoja yako bora.

7. Kukua

Mohamed Amin aliyetajwa juu alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na akaanza na kamera ya sanduku akiwa mvulana wa miaka 11. Mwaka 1963 akafungua Camerapix hukohuko Dar es Salaam, bado kijana wa miaka 20. Alipiga picha za Makka na Hija zilizotoka kama kitabu. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa ulimkata mkono wa kushoto, akarudi kazini na mkono bandia. Alifariki tarehe 23 Novemba 1996 katika ndege iliyotekwa na kuanguka Komoro. Jambo moja la kuiga kwake ni kumbukumbu: alihifadhi na kupanga picha zake, na ndizo zilizoijenga kampuni.

Nawe fanya hivyo. Kila kazi iwe na nakala mbili katika vifaa viwili tofauti kabla ya kufuta memori kadi. Andika tarehe, mahali na tukio. Chagua picha 20 bora ulizoruhusiwa kuonyesha, na kila muhula ondoa zilizo dhaifu. Jua haki yako pia: Malawi ina Sheria ya Hakimiliki ya 2016 na chombo chake COSOMA, na picha ni miongoni mwa kazi zinazolindwa.

Tafuta pia mahali pa kujipima. Tumaini Festival, iliyoanzishwa Dzaleka mwaka 2014 na mshairi Menes La Plume, huleta wasanii na wageni kutoka Lilongwe na nje ya Malawi, na wageni wengine hulala katika nyumba za wakimbizi wenyewe. Mipaka yetu tunaijua: chagua unachokipiga. Mafundi wa nguo, wapishi, wachoraji, mama mwenye nyumba anayemkaribisha mgeni, hao ni somo tosha. Picha zako zionyeshe watu wanaojenga, wanaosoma na wanaokirimu, kwa sababu hilo nalo ni kweli, na wapitao mara nyingi hawalioni.

Maswali ya kujadili katika halaka

1. Mteja anataka umpige harusi yenye mchanganyiko usiokubalika. Utapokea sehemu gani ya kazi, au utakataa yote? Kwa nini?
2. Shirika linakuomba picha za watoto wenye njaa kambini kwa malipo mazuri. Utayauliza maswali gani matatu, na utayaandika wapi majibu?
3. Fanya hesabu ya bei ya kazi yako ijayo kwa namba zako halisi. Je, umekuwa ukijidhulumu?
4. Kwa nini tumependekeza ijara badala ya "tutagawana"?

Zoezi la mwezi: piga picha ya mtu mmoja unayemfahamu kwa nuru ya mlangoni, kwa ruhusa yake, na umpelekee nakala iliyochapishwa kabla hujamwonyesha mtu mwingine yeyote.

Allah atujaalie rizki ya halali yenye baraka, atuhifadhie macho yetu na heshima za waja wake, na atujaalie tuwe watunzaji wa amana. Amin.